Vidonge vya majira, uzito na kichwa kinachogonga: waliopitia hili naombeni msaada

#1 Kidani_Changu
Habari wadau. Nina miaka 33, watoto wawili, nimeanza vidonge vya majira miezi mitano iliyopita. Ni vile vya paketi ya 28: vyeupe 21, halafu vya kahawia 7 mwishoni. Yanayonisumbua ni matatu. Nguo zimeanza kunibana. Natokwa na matone ya damu katikati ya mwezi, ingawa sasa yamepungua. Na kichwa kinauma mpaka nazima taa nalala chali. Dada yangu anasema niache leo leo, vinaharibu kizazi. Mume wangu anasema ni mawazo tu. Mwenye uzoefu aniambie, ila matusi hapana, nimechoka.

#2 Mchokonozi
Nimekaa siti ya mbele.

#3 Bi_Zuhura
Mwanangu pole. Mimi nilivimeza miaka minane. Miezi mitatu ya kwanza nilikuwa na matone, kichefuchefu, na matiti yanauma hata nikilala kifudifudi. Nikahamishia kidonge usiku, nameza ndipo napanda kitandani, kichefuchefu kikaisha. Matone nayo yalikata yenyewe. Mwili unazoea, usiwe na haraka. Uzito sikuongezeka, nilipungua.

#4 Tai_wa_Bonde
Wanawake mnajimaliza wenyewe. Vidonge vile haviyeyuki vyote, vinajikusanya tumboni mwaka hadi mwaka vinageuka uvimbe. Mke wa rafiki yangu alifanyiwa upasuaji wakakuta rundo.

#5 MfamasiaKimya
@Tai hilo rundo ulilionea wapi? Kidonge kinayeyuka tumboni kama dawa nyingine yoyote, homoni inaingia kwenye damu, ini linaivunja, inatoka. Ndiyo maana unatakiwa kumeza kila siku. Kingekuwa kinajikusanya, mtu angemeza paketi moja akatulia mwaka mzima.

@Kidani, kuhusu uzito: tafiti zilizolinganisha kidonge hasa na kidonge cha kuigiza kisicho na dawa ndani hazijaonyesha kwamba kinasababisha ongezeko kubwa. Kinachotokea kwa baadhi ni mwili kushika maji, hasa mwanzoni. Ukitaka uhakika panda mizani, nguo zina uongo wake.

#6 Shangazi_Mkali
Mfamasia, nakuheshimu, ila huo utafiti haukuvaa sketi zangu. Niliongezeka kilo saba ndani ya mwaka, nikaacha, zikapungua tano. Unataka kuniambia mizani nayo ilikuwa na mawazo?

#7 MfamasiaKimya
Sijasema unadanganya Shangazi. Utafiti unazungumzia watu wengi kwa wastani, wewe ni mmoja. Lakini mwaka huo huo ni nini kingine kilibadilika? Kazi, usingizi, kujifungua?

#8 Shangazi_Mkali
Nilihama kazi ya kusimama nikaanza ya kukaa. Lakini hilo halikuhusu.

#9 Mchokonozi
😂😂 Linahusu kidogo Shangazi, kubali.

#10 Mwana_Historia
Nimecheka hapo kwenye "mawazo tu" ya shemeji. Ni hadithi ya tangu kidonge hakijaingia sokoni. Majaribio makubwa ya kwanza yalifanyika Puerto Rico mwaka 1956. Daktari aliyeyasimamia, Edris Rice-Wray, aliandika kwamba kidonge kinazuia mimba vizuri kabisa, ila asilimia 17 ya wanawake walilalamika kichefuchefu, kizunguzungu, kichwa na kutapika, na kwamba madhara ni mengi mno kukubalika. Wakubwa wake, akina Gregory Pincus, mwanasayansi mmojawapo wa waliobuni kidonge, wakaona wanawake wanajitia hofu tu. Kidonge kikaidhinishwa Marekani kwa kuzuia mimba mwaka 1960 kwa jina la Enovid, kikiwa na dozi ileile nzito.

Na ile karatasi nyembamba iliyokunjwa mara nane ndani ya boksi, ambayo wengi mnaitupa? Ilipiganiwa. Mwaka 1970 Seneta wa Marekani Gaylord Nelson aliitisha vikao vya kuchunguza usalama wa kidonge, na wanawake wakasimama ukumbini kupiga kelele kwa nini hakuna hata mmoja wao aliyemeza dawa hiyo anayeulizwa. Baada ya hapo ndipo maelezo ya madhara yakaanza kuwekwa kwa ajili ya mtumiaji mwenyewe.

#11 MfamasiaKimya
Sahihi kabisa, niongeze dozi. Enovid ya 1960 ilikuwa na miligramu 10 za projestini na mikrogramu 150 za estrojeni, zile homoni mbili za kidonge. Vidonge vingi vya sasa vina estrojeni mikrogramu 20 hadi 35. Kwa hiyo hadithi za bibi zetu wa enzi zile si za uongo, ila kidonge chao si hiki.

#12 Bi_Zuhura
"Bibi zetu wa enzi zile." Mfamasia una umri gani wewe?

#13 Tai_wa_Bonde
Hamjajibu la kizazi. Mke wangu aliacha, tukakaa karibu mwaka na nusu ndipo akashika mimba. Hilo nalo ni mawazo?

#14 Nesi_wa_Zamu
Tai, alikuwa anameza vidonge au anachoma sindano?

#15 Tai_wa_Bonde
...sindano. Lakini si dawa ni ileile?

#16 Nesi_wa_Zamu
Si ileile kaka. Sindano ya miezi mitatu huchelewesha, wengi hushika mimba kama miezi kumi tangu sindano ya mwisho, wengine zaidi. Vidonge ukiacha mimba inaweza kuingia mwezi huohuo, ndiyo maana wanaosahausahau wanashangaa wamenasa. Hata sindano yenyewe haiharibu kizazi, inachelewesha tu.

Mleta uzi, nimesoma mara mbili, naona tumehangaika na nguo. Mimi nataka kichwa. Kinauma chote au upande mmoja? Kinakuja siku zipi za paketi? Kabla hakijaanza, kuna kitu unakiona au unakihisi? Presha ulipima lini mara ya mwisho? Unavuta sigara?

#17 Lulu_ya_Pwani
Naomba niingize langu. Hakuna anayezungumzia hisia. Mwezi wa pili wa vidonge nilikuwa nalia bafuni bila sababu, na hamu ya tendo ikakata kabisa. Nikabadilishiwa aina nyingine, nikarudi mtu. Kuna aliyepitia?

#18 Mwana_Historia
Wapo. Mwaka 2016 watafiti wa Denmark walitoa utafiti wa wanawake zaidi ya milioni moja, wakaona wanaotumia homoni walianza dawa za sonona kwa kiwango kikubwa kidogo kuliko wasiotumia, hasa wasichana wadogo.

#19 MfamasiaKimya
Ni kweli, lakini utafiti wa aina ile hauwezi kuthibitisha kwamba kidonge ndicho kisababishi. Anayeanza kidonge mara nyingi ameanza na uhusiano, na uhusiano nao unaliza watu.

#20 Lulu_ya_Pwani
Mimi uhusiano ulikuwa uleule, mwanaume yuleyule, kilichobadilika ni boksi.

#21 Mchokonozi
Kwa nini sisi wanaume hatuna chetu tukamaliza ubishi? Nilisikia walijaribu sindano ya wanaume wakaikimbia baada ya kununa wiki mbili.

#22 Mwana_Historia
Hiyo inasambazwa vibaya. Majaribio yale, yaliyotangazwa 2016, yalisimamishwa na kamati ya usalama kwa sababu ya madhara, yakiwemo ya hisia. Wanaume wenyewe, zaidi ya robo tatu walisema wako tayari kuendelea kuitumia.

#23 Shangazi_Mkali
Kwa hiyo wao wakilia kamati inakutana, sisi tukilia tunaambiwa mwili utazoea.

#24 Kidani_Changu
Nimerudi, samahani, nilikuwa nalaza watoto. Asanteni wote. Mizani inasema nimeongezeka kilo mbili, basi hilo naliweka pembeni.

Nesi, maswali yako. Kinauma upande wa kushoto, nyuma ya jicho. Mara nyingi kinakuja nikifika kwenye vya kahawia, siku ya pili au ya tatu. Sivuti. Presha nilipimwa siku ya kuanza tu, wakasema nzuri, namba sikuambiwa.

Halafu kuna kitu sikukiandika kwa sababu niliona hakihusiani. Wiki iliyopita nilikuwa nasoma ujumbe kwenye simu, herufi za katikati zikawa hazipo. Si kwamba zilififia, hazipo. Kisha pembeni ukatokea mstari wa kumetameta, umekunjikakunjika kama msumeno, ukawa unapanuka taratibu. Ukakaa kama dakika ishirini ukaisha, ndipo kichwa kikaanza. Na hii ilikuwa nikiwa kwenye vyeupe, si vya kahawia. Imetokea mara mbili.

#25 Fundi_Miwani
Hayo ni macho dada. Simu gizani. Mimi mwenyewe nikikaa na simu hadi usiku wa manane naona nyota.

#26 Bi_Zuhura
Au damu imepungua. Matone ya kila mara yanamaliza damu, kichwa lazima kigonge.

#27 Nesi_wa_Zamu
Hapana jamani, hapa tusimame kidogo.

Hicho ulichoeleza, mstari wa msumeno unaopanuka kwa dakika ishirini halafu kichwa cha upande mmoja, kinafanana sana na kipandauso chenye dalili za kutangulia. Si kila kipandauso kina dalili hizo. Wenye nazo uwezekano wao wa kupata kiharusi uko juu kuliko wengine, na kidonge chenye estrojeni kinaongeza juu yake. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani mtu huyo yuko kundi la nne kwa vidonge vya homoni mbili (estrojeni na projestini), yaani asivitumie, hata awe na miaka ishirini.

Mimi sijakuona, naweza kuwa nimekosea. Ila ningekuwa wewe nisingesubiri paketi iishe. Ningeenda kesho, nikapimwa presha, nikaeleza neno kwa neno kama ulivyotuandikia. Kondomu zitumike kuanzia leo. Na likitokea ganzi upande mmoja, mdomo kupinda, maneno kugoma kutoka, au kichwa cha ghafla usichowahi kukipata, hiyo ni hospitali usiku huohuo.

#28 MfamasiaKimya
Nakubaliana na Nesi kwamba aende. Ila vichwa vyake naona ni viwili tofauti. Kile cha siku ya pili ya kahawia kina maelezo yake: vile vidonge havina homoni, vina madini ya chuma tu. Estrojeni inashuka ghafla na kichwa kinaitikia. Hicho kinajulikana na si lazima kiwe cha hatari. Cha mstari wa msumeno ndicho kinachonitia wasiwasi.

#29 Fundi_Miwani
Na presha mmeisahau? Vidonge vinapandisha presha kwa baadhi ya watu. Mara moja ya kupima miezi mitano iliyopita haitoshi.

#30 Nesi_wa_Zamu
Hapo Fundi umesema. Na kuna watu wanapewa boksi bila hata kufungwa kile kitambaa cha mkono.

#31 Tai_wa_Bonde
Si ndiyo nilisema tangu mwanzo mwache? Mkanicheka.

#32 MfamasiaKimya
Tai, ulisema rundo tumboni.

Na "acheni wote" nako kuna gharama. Oktoba 1995 kamati ya usalama wa dawa Uingereza ilitoa onyo kwamba aina fulani za vidonge zinaongeza damu kuganda kuliko nyingine. Wanawake wengi wakatupa paketi katikati bila njia mbadala, na mwaka uliofuata utoaji mimba ukapanda. Hatari yenyewe ni hii: kati ya wanawake 10,000 wasiotumia homoni na wasio na mimba, kama 2 hupata damu kuganda kwa mwaka. Kwenye vidonge ambavyo projestini yake ni levonorgestreli ni kama 5 hadi 7. Vyenye drospirenoni au desogestreli pamoja na estrojeni, 9 hadi 12. Ujauzito, na hasa wiki za baada ya kujifungua, unapita vyote hivyo.

#33 Kigimbi_cha_Kulia
Jina langu humu linatokana na jambo hili hili, haki ya Mungu.

Nilikuwa mwezi wa tatu wa vidonge. Nikasafiri kwa basi muda wa saa kumi na mbili, nimekaa dirishani, sikunyoosha mguu hata mara moja. Kesho yake kigimbi cha kulia kikauma kama kimekazwa. Nikaenda mahali nikaambiwa ni misuli, nikapewa dawa ya kuchua. Nikachua siku mbili. Siku ya tatu soksi ya kulia haikupanda, ya kushoto imepanda. Nikaweka miguu sambamba kitandani nikaitazama: mmoja ulikuwa umejaa, unang'aa, wa moto. Hospitali nyingine wakapiga picha, damu imeganda kwenye mshipa. Nikatumia dawa za kuyeyusha damu miezi kadhaa. Daktari aliniambia donge lingepanda kifuani tusingekuwa tunazungumza.

Hakuna aliyeniuliza kama natumia vidonge. Nami sikusema, nilidhani dawa ya uzazi haihusiani na mguu. Sasa nikienda hata kung'oa jino nawaambia. Na dawa ya kuchua siigusi tena.

#34 Kidani_Changu
Pole sana dada. Umenitisha ila asante.

#35 Nesi_wa_Zamu
Pole Kigimbi. Wengine mkariri kuanzia juu kushuka chini: kichwa kikali, macho kupoteza nuru, kifua kubana au pumzi kukata, tumbo kuuma vikali, mguu mmoja kuvimba na kuuma. Mojawapo likija, nenda, na utaje vidonge kabla hujaulizwa. Ukiwa na upasuaji mkubwa utakaokulaza siku nyingi, sema pia.

#36 Mama_Pacha2
Naomba kuuliza hapa hapa. Nanyonyesha, mtoto ana miezi miwili. Shoga yangu amenigawia paketi yake ya hizo nyeupe na kahawia. Nianze?

#37 Nesi_wa_Zamu
Mrudishie shoga. Unayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi sita kwa kawaida hupewi vya homoni mbili, vya homoni moja, projestini peke yake, vinakufaa zaidi. Na paketi haigawanwi: presha yake si yako. Tena anayevuta sigara akapita miaka 35, mwenye historia ya damu kuganda au saratani ya matiti, hao wasiazimane kabisa.

#38 Lulu_ya_Pwani
Vya homoni moja vina masharti lakini. Nilichelewa saa nne nikaambiwa nimeshavuka.

#39 MfamasiaKimya
Inategemea kilicho ndani. Vile vya zamani mwisho wa kuchelewa ni saa tatu. Vya desogestreli peke yake vinakupa saa kumi na mbili. Ukivuka, meza ulichosahau, endelea, na kondomu siku mbili.

#40 Msahaulifu
Na vya homoni mbili? Nimesahau viwili, nimeahirisha kuandika tangu asubuhi kwa aibu.

#41 Bi_Zuhura
Meza vyote viwili sasa hivi na kondomu siku saba.

#42 Nesi_wa_Zamu
Meza kimoja sasa, cha leo kwa saa yake hata kama ni viwili kwa siku moja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unadai kondomu za siku saba ukifikisha vitatu. Wa Marekani unaanzia viwili. Vya kahawia ukisahau havihesabiki, tupa.

#43 Bi_Zuhura
Kwa hiyo sikukosea, nilikuwa Marekani.

#44 Msahaulifu
Nachukua vya siku saba, sitaki kubahatisha. Halafu nilikuwa namalizia dozi ya amoksisilini, nayo inaua nguvu?

#45 MfamasiaKimya
Haiui, huo uvumi hauishi. Usitapike tu: ukitapika ndani ya saa mbili baada ya kumeza, rudia kidonge. Inayoua nguvu ni rifampisini ya kifua kikuu, na baadhi ya dawa za kifafa kama kabamazepini na fenitoini. Ukipewa hizo taja vidonge vyako.

#46 Tai_wa_Bonde
Na saratani? Maana mtasema nayo ni rundo.

#47 MfamasiaKimya
Hapo umeuliza vizuri, na jibu lina pande mbili. Ya matiti inaongezeka kidogo wakati wa kutumia, kisha ongezeko linapungua ukishaacha. Ya shingo ya kizazi inaongezeka kwa waliotumia miaka mitano na zaidi. Ya mifuko ya mayai na ya ukuta wa kizazi zinapungua, na kinga hiyo inabaki miaka mingi baada ya kuacha.

#48 Shangazi_Mkali
Mbona faida hiyo hamkuisema kabla sijaacha?

#49 Kidani_Changu
Wapendwa, mrejesho baada ya siku nne.

Nilienda. Presha 142/91, wakanipumzisha nusu saa, ikawa 138/88. Daktari alinichorea kwenye karatasi aina tatu za mistari akauliza upi, nikaonyesha wa msumeno kabla hajamaliza kuchora. Kasema kipandauso ndicho anachokishuku zaidi, ila hafungi mlango: amenipeleka macho, amepima wingi wa damu, na presha nirudi kupima mara mbili. Vya estrojeni ameviondoa. Ameniwekea vya homoni moja, na daftari niandike kila kichwa kinapouma. Damu yangu haijapungua, Bi Zuhura. Macho nakwenda wiki ijayo. Jana kichwa kimeuma tena kidogo, bila mstari, kwa hiyo hata yeye hajui kama ni kidonge, presha au mimi mwenyewe.

Dada yangu bado anasema ni kizazi. Mume kanyamaza tangu aone ile karatasi.

#50 Fundi_Miwani
Wakikuta ni macho, nitarudi humu kudai haki yangu.

#51 Nesi_wa_Zamu
Asante kwa mrejesho. Weka kengele ya simu kwa hivyo vipya.

#52 Kidani_Changu
Nimeweka saa tatu usiku. Mwanangu mkubwa ameshaikariri, ikilia anapiga kelele nyumba nzima, "Mama, dawa yako ya kichwa!" Sijamsahihisha.

#53 Tai_wa_Bonde
Naomba kuuliza tu kwa nia njema. Hivyo vya homoni moja navyo vinanenepesha?

#54 Shangazi_Mkali
Tai, rudi posti namba tano, anza kusoma upya.